Mstari wa Mnazi Mmoja

Saa kumi na moja alfajiri, kituoni Chamazi, moshi hutangulia mwanga. Coaster inawashwa, inakohoa, konda anapiga bodi kwa kiganja, nasi tunagombea viti vya dirishani. Gari hilo lilishachoka Japani kabla ya kuvuka bahari. Moshi wake nimeuvaa shuleni, chuoni na sasa kazini. Kwa hiyo nikisikia hoja kwamba magari yenye moshi mwingi yazuiwe kuingia katikati ya Dar es Salaam, au yalipishwe, mapafu yangu husema ndiyo. Miguu ndiyo inayouliza: nitafikaje?

Jiji hili limewahi kuchorewa mistari. Uwanja wa Mnazi Mmoja, tunakopumzika leo, Wajerumani waliupanga kuwa nafasi tupu ya kuwatenga Waafrika wa Kariakoo na Uhindini na Uzunguni. Waingereza wakaikamilisha kazi hiyo baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Jiji likagawanywa kanda tatu, na kanuni zikataja aina ya nyumba: huku za Kizungu tu, kule za udongo na makuti ruksa. Hazikuhitaji kutaja mtu. Zilitaja kitu, na mwenye kitu hicho alijulikana.

Kuna katazo moja lililokwenda kinyume. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mafuta yalipopanda bei na Vita vya Kagera vimekausha hazina, serikali ya Mwalimu Nyerere ilizuia magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Lengo lilikuwa kuokoa mafuta, wala si hewa. Lakini aliyebanwa safari hiyo alikuwa mwenye gari. Asiye nalo alitembea Jumapili kama alivyotembea Jumamosi.

Mwaka 2014 mstari ulirudi katikati ya jiji: bodaboda na bajaji marufuku. Aprili 2022 katazo likatangazwa upya. Sababu zilikuwa foleni, ajali na utaratibu. Gari kubwa lenye mtu mmoja ndani, kiyoyozi kikivuma, halikuguswa. Mei 2016, mabasi yaendayo haraka yalipoanza kati ya Kimara na Kivukoni, daladala nazo ziliondolewa Barabara ya Morogoro. Hapo angalau abiria alionyeshwa basi jingine, hata kama alilipanda kwa kusukumana.

Aprili 2019 London walianza kutoza magari machafu katikati ya jiji pauni 12.50 kwa siku. Hewa ilipungua sumu, hilo limepimwa. Lakini Agosti 2023, eneo hilo lilipopanuliwa hadi mitaa yote ya London, kelele kubwa zilitoka pembezoni, ambako mabasi na treni ni haba kuliko katikati, ingawa ruzuku ya kuachana na magari ya zamani ilikuwepo. Kumbe London nayo ina Chamazi yake.

Na Chamazi yetu haikujaa kwa hiari tupu. Kuna familia zilizoondolewa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari, zikachangishana, zikanunua ardhi huku na kujenga kwa ushirika. Kurasini, mjini palikuwa jirani. Huku ni zaidi ya kilomita 20. Mtu aliyesogezwa mbali na jiji hawezi kudaiwa tena faini kwa sababu ya chombo kinachomrudisha.

Sipingi mstari. Watoto wanaouza maji kwenye foleni wanavuta moshi huo kuliko bosi aliyefunga vioo. Ninachodai ni mpangilio: basi safi lifike Chamazi kwanza, katazo lifuate; na likija, lipime moshi wa kila gari, la mkubwa na la daladala. Tukianza na katazo, Coaster yetu haitakufa. Itafutwa njia ya mjini, ipewe Mbagala–Mbande, na kila alfajiri itakohoa hapa hapa, mlangoni kwetu.