Meli ya Vita Iliyorudisha Watu Nyumbani

Ndugu vijana, kuanzia milima yetu ya Rurambo hadi bandari ya Uvira, tumezoea kulitazama Ziwa Tanganika kama njia ya samaki, ya biashara na ya jamaa zetu walio ng'ambo. Wazee wa wazee wetu waliliona pia likiwa uwanja wa vita vya mataifa ya mbali. Mwezi huu tunapenda tutafakari pamoja historia ya taifa mojawapo, Ujerumani, lililotafuta ukuu wa dunia kwa kuteka nchi za wengine, na historia ya meli moja liliyoileta kwetu.

Hadi katikati ya karne ya 19, Ujerumani haikuwa dola moja. Ilikuwa nchi nyingi ndogo, kila moja na mtawala wake. Vita vitatu, dhidi ya Denmark mwaka 1864, Austria mwaka 1866 na Ufaransa mwaka 1870 hadi 1871, viliziunganisha chini ya Kaisari mmoja. Dola hiyo mpya ilikuwa na viwanda na jeshi lenye nguvu, lakini ilipotazama ng'ambo ya bahari iliwakuta Waingereza na Wafaransa wamekwisha kutangulia. Ikaharakisha. Katika miaka ya 1884 na 1885 pekee ilijitwalia Togo, Kameruni, Namibia ya leo, na sehemu ya Afrika ya Mashariki.

Kipindi hichohicho, wajumbe wa mataifa walikutana Berlin kupatana juu ya Afrika. Hakuna Mwafrika aliyeketi mezani pale. Mwaka 1885 mpaka kati ya Wajerumani na Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji ulichorwa kwa mstari ulionyooka, kuanzia ncha ya kaskazini ya ziwa letu na kuelekea kaskazini-mashariki. Ziwa Kivu lilikuwa bado halijaonwa na Mzungu yeyote. Aliyelifikia wa kwanza ni Mjerumani, Gustav Adolf von Götzen, mwaka 1894, yaani miaka tisa baada ya mstari kuchorwa. Nchi iligawanywa kabla haijajulikana na walioigawanya.

Mstari ule haukubaki karatasini. Ng'ambo ya Ruzizi, Mwami Mwezi Gisabo wa Burundi alipigwa vita mpaka akalazimika kukubali mkataba wa Kiganda mwaka 1903. Huko kusini mwa Tanzania ya leo, wananchi walipoinuka katika vita vya Maji Maji mwaka 1905, gavana alikuwa Götzen yuleyule. Mashamba na maghala yalichomwa moto, na njaa iliyofuata iliua wengi kuliko risasi. Mwaka 1910 Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza wakapatana upya juu ya mipaka, na mto Ruzizi ukawa mpaka kati ya Kongo na Burundi. Familia zilizokuwa zikivuka mto kwenda kuoana na kuuziana mazao zikajikuta katika makoloni mawili.

Mapema mwaka 1914 reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma. Kwa njia hiyo ililetwa meli kubwa iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, kisha ikafunguliwa vipande vipande na kufungwa ndani ya maelfu ya masanduku. Iliunganishwa Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915, na kupewa jina la gavana yule: Graf von Götzen. Wakati huo vita kuu vilikuwa vimekwisha kuanza. Tarehe 22 Agosti 1914, meli nyingine ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann, ilikuwa imeshambulia meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, karibu na mlango wa mto Lukuga, palipo Kalemie ya leo. Meli mpya ikafungwa mzinga mkubwa, nayo ikawa ya vita.

Waingereza nao walileta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa reli, juu ya milima ya Katanga na kwa mto Lualaba, mpaka ziwani. Mwisho wa mwaka 1915 zikaiteka meli ndogo ya Wajerumani iitwayo Kingani, na Februari 1916 zikaizamisha Hedwig von Wissmann. Nchi kavu, jeshi la Kongo chini ya Wabelgiji, ambalo askari wake walikuwa Wakongomani, lilivuka Ruzizi na Kivu, likaingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Nyuma ya kila kikosi walitembea wapagazi kwa maelfu, wakibeba risasi na chakula cha wengine huku wao wenyewe wakifa kwa njaa, uchovu na magonjwa. Majina ya majemadari yameandikwa vitabuni. Wapagazi wengi hawana hata kaburi linalojulikana.

Mwezi Agosti 1917 Papa Benedikto XV aliwaandikia wakuu wa mataifa yaliyokuwa vitani, akawasihi waache mauaji yale yasiyo na faida. Hawakumsikiliza. Mwaka 1919, kwa mkataba wa Versailles, Ujerumani ilinyang'anywa makoloni yake yote. Ukuu wa ng'ambo uliotafutwa kwa damu nyingi ulidumu miaka 35 tu. Lakini wenyeji hawakurudishiwa nchi zao: Tanganyika ilipewa Uingereza, Rwanda na Burundi zikapewa Ubelgiji. Mizigo ilibaki mabegani mwa watu walewale.

Na ile meli? Mwezi Julai 1916, Wajerumani wakikimbia, mafundi wake waliipaka mitambo mafuta mazito isiharibike, kisha wakaizamisha wenyewe karibu na Kigoma. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari upya ikiitwa Liemba, jina la kale la ziwa letu. Haikubeba tena mzinga, bali dagaa, mahindi na abiria. Mwaka 1997 ndugu zetu waliokuwa wameikimbia vita walitaka kurudi kutoka Tanzania. Katika muda wa miezi mitano Liemba ilikwenda na kurudi mara 22 kati ya Kigoma na Uvira, ikawarudisha watu zaidi ya 75,000. Pengine katika kikundi chako yumo ambaye mzazi wake alishuka bandarini kutoka meli hiyo.

Hatuisomi historia hii ili tuwachukie Wajerumani au Wabelgiji wa leo. Tunaisoma kwa sababu fikra ile ingali hai kati yetu. Hata leo, katika milima hii, kijana huambiwa kwamba kabila lake litaheshimiwa likiwa na bunduki nyingi, na kwamba mto uliochaguliwa na wageni kuwa mpaka unatosha kumwambia nani ni ndugu na nani ni adui. Anayekubali huwa mpagazi wa ukuu wa mtu mwingine, kama wale wa mwaka 1916, na jina lake halitaandikwa popote. Nabii Isaya aliona silaha zikifuliwa kuwa zana za mkulima. Ziwani petu chuma kilekile kilichobeba mzinga kilibeba akina mama na watoto wao wakirudi nyumbani.

Tukikutana kikundini, tuulizane: Ni nani leo anayetaka kutubebesha mzigo wa vita vyake? Na nguvu tulizo nazo, za mikono, za elimu na za umoja wetu, tunaweza kumrudisha nani nyumbani?