Vipofu waliobeba muziki wa Japani, na amri ya 1871

Nilikuwa kimya kidogo, si mnajua tena msimu wa majaribio hapa chuoni. Sasa nimepumua, na leo nataka tuzungumze kuhusu Japani. Msiogope, sio Toyota wala kompyuta.

Kwenye kozi zetu za historia, Japani huingia kwa mlango mmoja tu: mwaka 1868, Mapinduzi ya Meiji, viwanda, reli, shule, jeshi la kisasa. Ukikaa kwenye vimbweta jioni utasikia wimbo huohuo, eti "wenzetu waliamua, wakaendelea bila kutawaliwa na mtu". Sawa, sipingi. Ila hivi karibuni nimekuwa nikisoma habari za vyombo vya muziki vya asili vya Wajapani, na humo nimekutana na Meiji nyingine kabisa. Kumbe muziki huo tunaouona kwenye filamu, wa wanawake wa kimono na nyuzi za hariri, kwa mamia ya miaka ulikuwa mikononi mwa watu wasioona. Na serikali hiyohiyo tunayoisifia ndiyo iliyofuta chama chao kwa amri moja, mwaka 1871.

Wengi wenu mmeangalia ile filamu ya Zatoichi, kipofu mkandaji anayecheza upanga kama umeme. Takeshi Kitano aliitoa upya mwaka 2003, ila mfululizo wenyewe ulianza 1962. Basi "zato" sio jina lake. Ni cheo. Jina lake ni Ichi, na zato ni ngazi ya chini katika chama cha vipofu kilichoitwa Todo-za. Yaani hata kwenye filamu ya kukatana mapanga, historia imejificha kwenye jina tu.

Tuanze na chombo chenyewe kilichowapa ajira ya kwanza, biwa. Umbo lake ni kama tone la maji, na lina nyuzi nne au tano. Ndugu zangu wa pwani mkiliona mtasema hili ni udi. Na hamko mbali na ukweli, maana wataalamu wanalifuata nyuma hadi barbat la Uajemi. Ukoo huo ulipokwenda magharibi ukatoa udi wa Waarabu, ambao ndio huu wa taarabu. Ulipokwenda mashariki ukatoa pipa la Wachina, kisha biwa la Wajapani. Mjini Nara kuna hazina ya hekalu inayoitwa Shosoin, yenye vitu vilivyotolewa mwaka 756 baada ya kifo cha Mfalme Shomu. Humo kuna biwa la nyuzi tano limepambwa kwa magamba ya chaza, na picha iliyochorwa kwa magamba hayo ni ya mtu aliyepanda ngamia huku anapiga biwa. Ngamia, Japani! Chombo kilifika kikiwa bado kimebeba picha ya njia kilikopita.

Ikulu walilipiga kwa utaratibu wao. Lakini nje, barabarani, lilishikwa na biwa hoshi, wanaume vipofu waliovaa kama watawa na kutembea mji hadi mji. Baada ya vita vya koo za Taira na Minamoto (1180 hadi 1185) ndio waliosimulia habari zake. Vita vile viliishia baharini Dan-no-ura, ambako Mfalme Antoku, mtoto wa miaka sita, alizama pamoja na bibi yake. Masimulizi hayo ndiyo Heike Monogatari, moja ya kazi kubwa za fasihi ya Japani. Toleo linalosomwa zaidi leo ni la Akashi Kakuichi, bwana mmoja kipofu. Mwaka 1371, miezi michache kabla hajafa, alilitamka lote likaandikwa, ili wanafunzi wake wasije wakagombana juu ya maneno sahihi. Hebu fikiria: kitabu kikuu cha taifa, na aliyekiweka sawa hakuwahi kuona herufi zake.

Kutoka watu wa aina ya Kakuichi ndiyo chama cha Todo-za kikaimarika. Kilikuwa na vyeo, cha juu kabisa kikiitwa kengyo, na ndani yake ngazi 73. Kupanda ngazi kulihitaji hela, tena nyingi. Kufika ukengyo kulihesabiwa kugharimu zaidi ya ryo 700 za dhahabu. Chini ya mashogun wa Tokugawa chama kilitambuliwa rasmi, kikajihukumu chenyewe, na kikawa na haki ya kupokea sadaka nyumba zilipokuwa na harusi au msiba. Wanachama walifundisha muziki, walikanda watu, wengine walichoma sindano za tiba. Sugiyama Waichi (1610 hadi 1694), kengyo naye, ndiye anayekumbukwa kwa kueneza ule mrija mwembamba wa kuongozea sindano, ambao unatumika mpaka kesho.

Katika karne ya 16 likaingia jambo jipya. Kutoka visiwa vya Ryukyu, yaani Okinawa ya leo, kilifika bandari ya Sakai chombo cha nyuzi tatu kilichowambwa ngozi ya chatu. Japani bara chatu wakubwa hawapo, basi wakawamba ngozi ya paka au mbwa. Na kwa vile waliokipokea walikuwa wapigaji wa biwa, hawakukipiga kwa kucha. Walichukua kile kipande kipana cha kupigia biwa wakakihamishia huku. Ndiyo shamisen ikazaliwa, ile sauti kavu inayogonga na kuvuma kwa pamoja. Baadaye ikaingia kwenye tamthilia za kabuki na za vikaragosi, na mtaani kila kona.

Halafu koto. Hili ni gogo refu la mti wa kiri, kama mita moja na sentimita 80, nyuzi 13, linalazwa chini mithili ya kanuni ya kwetu, na kila uzi una kidaraja chake cha kusogeza. Lilikuwa chombo cha ikulu na mahekalu. Aliyelishusha kwa watu ni Yatsuhashi Kengyo (1614 hadi 1685), kipofu aliyeanza na shamisen. Alibadilisha namna ya kulitengeneza sauti, akaingiza mpangilio uliofanana na nyimbo za mitaani, na kipande maarufu cha Rokudan kinahesabiwa kuwa chake. Baada yake wakaja Ikuta Kengyo upande wa Kyoto na Yamada Kengyo upande wa Edo, wote vipofu. Mpaka leo mwanafunzi wa koto ataulizwa: wewe ni wa Ikuta au Yamada?

Sasa msidhani chama kilikuwa cha malaika. Kengyo waliruhusiwa kukopesha, na deni lao lililindwa na serikali. Wapo waliowakamua wadaiwa mpaka mwaka 1778 serikali ikawaadhibu baadhi yao. Na wanawake hawakuwa na nafasi humo. Vipofu wa kike, goze, walijipanga wenyewe, hasa huko Echigo, mkoa wa Niigata wa leo, penye theluji ya kufika paa. Walitembea vijijini kwa mstari na shamisen mgongoni, mkono wa kila mmoja ukigusa mzigo wa aliyetangulia. Kanuni zao zilikuwa kali: ukipatikana na mwanaume unapunguziwa miaka ya utumishi au unafukuzwa kundini, ukatembee peke yako.

Ndipo tunafika 1871. Serikali mpya ilitaka raia wa aina moja, bila vyama vyenye haki za pekee. Mwaka huohuo ilifuta pia madhehebu ya Fuke, wale watawa wa kofia za kikapu waliohodhi filimbi ya mwanzi, shakuhachi. Kwa Todo-za maana yake ilikuwa vyeo vimekwisha, sadaka imekwisha, mikopo yenye kinga imekwisha, na mwenye macho ruksa kushindana. Mtu aliyelipia ngazi kwa miaka 30 akaamka asubuhi hana alichonunua. Shule mpya nazo zilifundisha nyimbo za mtindo wa Ulaya. Usimulizi wa Heike kwa biwa ulinyauka hadi kufikia mwisho wa karne ya 20 waliobaki wakaweza kuhesabika kwa vidole.

Mwenzangu mmoja tunayesoma naye aliniambia: "Ah, si ni usawa huo? Haki za pekee zote ni mbaya." Nimelifikiria sana jambo hili. Ndiyo, ilikuwa haki kuondoa riba zile na kununua vyeo. Lakini usawa uliotolewa ulikuwa wa kuwaambia watu wawili, mmoja anaona na mwingine haoni, "haya, kimbieni". Kilichofutwa siku ile ni hifadhi ya jamii, na mbadala wake ulichelewa. Shule ya kwanza ya wasioona ilifunguliwa Kyoto mwaka 1878, miaka saba baadaye. Miaka saba unakula nini?

Na bado hawakukata tamaa. Miyagi Michio, mzaliwa wa Kobe mwaka 1894, alipoteza macho akiwa na miaka kama minane. Alitunga kazi yake ya kwanza akiwa na miaka 14, akabuni koto kubwa la nyuzi 17 mwaka 1921, na mwaka 1929 akatunga Haru no Umi, wimbo wa koto na shakuhachi ambao ukifika mwaka mpya Japani unausikia hadi madukani. Alifariki 1956 baada ya kuanguka kutoka kwenye treni. Na Kobayashi Haru, goze wa Niigata, aliyezaliwa 1900, alianza kufundishwa akiwa na miaka mitano, akiimba nje kwenye baridi ya kupasua ngozi ili sauti ikomae. Mwaka 1978 serikali ilimtambua rasmi kuwa mhifadhi wa nyimbo za goze. Alifariki Aprili 2005 akiwa na miaka 105. Kuanzia 2002 wanafunzi wa sekondari za chini nchini humo wanatakiwa kujifunza angalau chombo kimoja cha asili.

Angalieni mzunguko wake: mwaka 1871 unafuta chama, mwaka 1978 unamtambua rasmi bibi mmoja kuwa mhifadhi wa urithi. Zaidi ya miaka 100 kati ya hapo, urithi ule ulikuwa unagonga milango ya wakulima upewe kibaba cha mchele.

Kwa hiyo nikisikia tena mtu anataka "tuige Meiji", nitamuuliza swali moja tu: tuige na ile ya 1871? Maendeleo yana orodha ya waliojenga reli, na yana orodha ya walioachwa kituoni. Mwanahistoria anapaswa kusoma zote mbili.

Nyongeza kwa wapenzi wa taarabu ya Mombasa: ile tashkota yenye vitufe kama taipureta, iliyosikika kwenye nyimbo za Zuhura Swaleh, ni taishogoto, iliyobuniwa Nagoya mwaka 1912 na Morita Goro. Chombo cha Wajapani kimeshachezewa chakacha siku nyingi, jamani!

Mwenye kujua habari za waimbaji wetu wasioona, wa zeze au wa kasida, aniandikie. Ningependa ziandikwe wakiwa bado hai. Alamsiki.