Upweke wa Mlima Katika Picha

Sisi tukaao katika vilima vya Buha tumezoea kuamka na kukuta mabonde yamefunikwa na ukungu. Asimamaye juu huona vichwa vya vilima tu, kama visiwa. Walakini hayuko peke yake: husikia jogoo chini, na mchi kinuni, na mama amwitaye mtoto.

Picha haina sauti. Yapata mwaka 1818 Mjerumani mmoja, Caspar David Friedrich, alichora mtu amesimama juu ya jabali, ametupa kisogo, na mbele yake ukungu na vilele. Uso wake hatuuoni. Basi huzuni yake, au furaha yake, twaitia wenyewe. Tena mahali pale, kama palivyo katika picha, hapapatikani. Friedrich alizunguka katika milima ya Saxony na Bohemia, akachora jabali hapa na kilele kule, kisha akaviunganisha nyumbani. Upweke ule ulitengenezwa kwa mikono, kama seremala atengenezavyo kiti.

Wazungu wengi waliokuja baadaye waliitazama milima kwa jicho hilo, hata Kilimanjaro. Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni. Kitabu cha Meyer kilitiwa picha zilizochorwa na E. T. Compton, Mwingereza aliyekaa Ujerumani, wala hakuwamo katika safari ile. Mwaka 1898 Meyer alirudi pamoja na mchoraji, Ernst Platz, naye akaiona theluji kwa macho yake.

Je, mlima ule ulikuwa mtupu? Hata kidogo! Mangi Mareale wa Marangu aliwapokea wageni. Wapagazi walipandisha chakula. Na Mwini Amani, mtu wa Pangani, alikaa nao kambini juu katika baridi kali, akipika na kuleta kuni na maji. Naye ni mtu wa pwani, aliyezoea joto na minazi. Wawili walisimama kileleni kwa sababu wengine walikuwa chini yao, na Meyer mwenyewe alilitaja jina la Mwini Amani.

Kilele kirefu cha Mawenzi chaitwa kwa jina la Meyer hata leo. Nami laiti ningejaliwa mkono wa mchoraji, ningemchora Mwini Amani ameinama juu ya moto wake, moshi ukipanda, na theluji ya Kibo nyuma yake.