Mgonjwa Aulizwe Kwanza

Katika stesheni ya Konza, reli ya zamani inagawanyika. Njia kuu inatoka Mombasa na kuendelea hadi Nairobi. Tawi lake linateremka kuelekea Magadi, ambako lilifika mwaka 1915 kufuata magadi ya ziwani. Reli hiyo kuu ilipokatiza nyanda za Ukambani iliiacha Machakos kando. Machakos ilikuwa kituo cha utawala wa Waingereza huku bara tangu mwaka 1889, lakini reli ilipofika Nairobi mwezi Mei 1899, heshima hiyo ikahama pamoja na mabehewa. Ndiyo maana hadi leo mtu wa Konza aliyelemewa na ugonjwa ana njia mbili mbele yake: apande kwenda Machakos, hospitali ya kaunti, au ashike barabara ya Mombasa kwenda Nairobi.

Kati ya magonjwa yanayowafungisha watu safari hiyo, machache huwachanganya jamaa kama yale ya ubongo na mishipa ya fahamu. Kijana anaanguka ghafla na kutikisika, kisha anaamka asikumbuke lolote. Mama analala mzima na kuamka upande mmoja wa mwili umepooza. Mzee miguu inamwaka moto usiku na mchana haina hisia. Hakuna kidonda cha kuonyesha wala jipu la kutumbua. Ugonjwa umejificha ndani ya fuvu, au ndani ya uti wa mgongo, na kinachoufichua ni vipimo. Namna vipimo hivyo vilivyotufikia ni hadithi ndefu, na sehemu yake moja ni chungu.

Tuanze Mathari. Mwaka 1910 serikali ya kikoloni ilifungua nyumba ya wagonjwa wa akili Nairobi, mahali palipokuwa pakitengewa wagonjwa wa ndui. Mwaka 1924 ikaitwa Hospitali ya Akili ya Mathari. Nyumba hiyo ilikuwa ya kufungia watu zaidi kuliko ya kuwatibu. Kifafa na kichaa havikutenganishwa sana enzi hizo, na mtu wa kifafa angeweza kujikuta nyuma ya ukuta mmoja na watu ambao ugonjwa wao haukufanana hata kidogo na wake.

Katika miaka ya 1930 ubongo wa Mwafrika ulianza kupimwa kwa dhati Nairobi, lakini si kwa ajili ya kumponya. Daktari H. L. Gordon, aliyehudumu Mathari, alipima vichwa vya watu kwa maelfu. Mwaka 1933 yeye na wenzake walianzisha chama cha walowezi cha kile walichokiita uboreshaji wa mbari. Mwaka uliofuata F. W. Vint, mtaalamu wa maabara ya serikali, alichapisha utafiti wake juu ya ubongo wa wanaume 100 Waafrika waliokwisha kufa. Alidai kwamba tabaka la juu la ubongo wao lilikuwa jembamba kuliko la Wazungu, na walowezi wakalidaka dai hilo kuwa ushahidi kwamba kumsomesha Mwafrika ni kupoteza fedha. London ilikataa kugharamia utafiti zaidi, lakini maneno yalikwisha kuenea. Wanaume wale wamebaki katika historia kama hesabu tu: 100. Hatujui walikula nini utotoni, walifanya kazi gani, wala waliugua nini kabla ya kufa, na hayo yote yanaweza kuugusa ubongo. Vint alikuwa na mizani na hadubini. Alichokosa ni habari za maisha ya watu aliowapima.

Baada yao akaja J. C. Carothers. Alifika Kenya mwaka 1929 akiwa daktari wa kawaida, na mwaka 1938 akakabidhiwa Mathari bila kuwa amesomea magonjwa ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika. Humo alisema kuwa Mwafrika huitumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo wake, mfano wa Mzungu aliyekatwa mishipa ya sehemu hiyo kwa upasuaji. Mwaka 1954, kwa ombi la serikali, aliandika juu ya Mau Mau na kuieleza vita ya ardhi kana kwamba ni maradhi ya akili. Frantz Fanon, daktari wa akili aliyefanya kazi Algeria, alimjibu mwaka 1961 katika kitabu ambacho kwa Kiswahili kinaitwa Viumbe Waliolaaniwa. Fanon aliwahi kukaa na wagonjwa walioteswa vitani na kuwasikiliza, na kile alichokisikia kilimtosha kuona kwamba wakoloni waliitafuta ndani ya fuvu la mtu sababu iliyokuwa nje, katika dhuluma.

Katika miaka hiyohiyo Wagusii wa magharibi ya Kenya walikuwa na mafundi wao wa kichwa. Mtu aliyepigwa kichwani na kuendelea kuumwa bila nafuu alipelekwa kwa fundi, ambaye alipasua ngozi na kukwangua mfupa wa fuvu taratibu ili kuondoa vipande vilivyovunjika. Daktari Edward Margetts kutoka Kanada, aliyeongoza Mathari katika miaka ya 1950, aliiandika kazi hiyo, na wengi waliopasuliwa hivyo waliishi miaka mingi baadaye. Fundi hakuwa na picha ya ndani ya fuvu. Alikuwa na vidole vyake, na alikuwa na maelezo ya mgonjwa: alipigwa wapi, lini, na maumivu yanakaa upande gani.

Mtu mwingine aliyeanza kwa kusikiliza ni Louise Jilek-Aall, daktari mzaliwa wa Norway aliyefika Mahenge, kusini mwa Tanganyika, mwishoni mwa miaka ya 1950. Miongoni mwa Wapogoro alikuta familia nyingi zenye kifafa. Wagonjwa walitengwa na kula peke yao, kwa sababu watu waliamini kwamba mate ya mwenye kifafa huambukiza. Hakuwa na mashine yoyote ya kupima ubongo. Alifungua kliniki, akawauliza wagonjwa na mama zao, akaandika, na akagawa fenobabitoni, dawa ya bei nafuu iliyojulikana tangu mwaka 1912. Watoto waliokuwa wakiungua motoni kila walipoanguka wakaanza kupata nafuu. Tena ni yeye aliyeandika mapema juu ya watoto wanaoinamisha kichwa mara kwa mara kama wanaosinzia, ugonjwa ambao wataalamu walikuja kuutambua upya miongo kadhaa baadaye.

Vipimo vyenyewe vilikuwa vikizaliwa kwingine. Mwaka 1891 Heinrich Quincke wa Ujerumani alionyesha jinsi ya kutoa maji ya uti wa mgongo kwa sindano. Mwaka 1924 Hans Berger, naye Mjerumani, alinasa kwa mara ya kwanza umeme wa ubongo wa binadamu. Afrika pia ina sehemu yake. Mwaka 1956 Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg, alikuwa akisimamia mionzi katika Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, akaanza kupiga hesabu ya namna mionzi inayopita mwilini kutoka pande nyingi inavyoweza kuchora picha ya ndani. Hesabu hiyo ndiyo moyo wa skani ya CT. Godfrey Hounsfield wa Uingereza aliunda mashine yenyewe, na mgonjwa wa kwanza akapigwa picha ya kichwa mjini London mwezi Oktoba 1971. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel mwaka 1979.

Nairobi nayo ilikuwa ikibadilika. Hospitali ya Wenyeji iliyoanzishwa mwaka 1901 sasa ilikuwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Mwaka 1967 alifika Renato Ruberti, daktari wa upasuaji wa ubongo kutoka Italia. Mwaka 1972 akaja Jawahar Dar kutoka India na kuimarisha huduma hiyo Kenyatta. Mwaka 1979 Gerishom Sande, aliyesomea Belfast, akawa Mkenya wa kwanza kuifanya kazi hiyo. Miaka 45 baada ya Vint kuchapisha madai yake, Mwafrika mwenyewe alikuwa ameshika kisu, anaufungua ubongo ili kuuponya.

Leo mtu wa Konza akifika kliniki ya wagonjwa wa nje, vipimo vinavyoagizwa mara nyingi si vingi, na kila kimoja kina swali lake. Nyundo ndogo ya goti, mwanga machoni na kutembea kwa mstari mmoja humwonyesha daktari tatizo liko upande gani. Damu hupimwa sukari, kwa kuwa kisukari ni miongoni mwa sababu kubwa za miguu kuwaka moto. Skani ya CT huchukua dakika chache na huonyesha damu iliyovuja ndani ya fuvu. Ndiyo maana mwenye kiharusi hupigwa picha hiyo mapema, kwani dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inaweza kumuua yule ambaye mshipa wake umepasuka. MRI hutumia sumaku na haina mionzi. Ni ya polepole na ghali zaidi, lakini huona mambo madogo ambayo CT huyapita. Kipimo cha mishipa ya fahamu hutumia umeme mdogo unaoshtua kidogo tu. EEG hunasa umeme wa ubongo kwa vidude vinavyobandikwa kichwani, kwa hiyo mgonjwa huombwa kuosha nywele, asipake mafuta, na mara nyingine afumue misuko.

Kipimo kinachoogopwa kuliko vyote ni cha maji ya uti wa mgongo. Wengi huamini kwamba sindano hiyo hupoozesha. Ukweli ni kwamba uti wenyewe huishia karibu na sehemu ya juu ya kiuno, na sindano huingizwa chini ya hapo, penye maji na nyuzi za fahamu zinazoweza kusogea. Daktari akiyaeleza haya bila haraka hofu hupungua. Mgonjwa akikataa kwa sababu hakuelezwa, homa ya uti wa mgongo haimsubiri.

Mashine hizi zote hazimalizi kazi peke yake. Watu wengi wenye kifafa, EEG yao ya kwanza hutoka safi kabisa, kwa sababu mashine hunasa ubongo wa saa ile tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliogusa watu zaidi ya 580,000 katika maeneo ya nchi tano za Afrika, Kilifi ya Kenya na Ifakara ya Tanzania yakiwemo, haukuanza kwa mashine. Wahudumu walikwenda nyumba kwa nyumba na kuuliza maswali mafupi juu ya kuanguka na kutikisika; waliojibu ndiyo wakaulizwa zaidi, kisha wakaonwa na madaktari. Hivyo ndivyo ilivyojulikana kwamba kifafa cha namna hiyo kiliwapata watu 7.8 katika kila 1,000 Kilifi, na 14.8 Ifakara. Kilifi, damu ilipopimwa, zaidi ya nusu ya wagonjwa hawakuwa na dawa mwilini.

Januari 2013 Rais Mwai Kibaki alizindua jiji la teknolojia la Konza kwenye ekari 5,000 za iliyokuwa ranchi ya Malili. Palipokuwa malisho pana kituo cha kuhifadhi data za taifa, na mwaka 2023 Kenya ilipitisha sheria ya afya ya kidijitali. Hilo ni jambo jema. Madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu ni wachache na wengi wao wako Nairobi. Picha inayosafiri kwa waya humpunguzia mgonjwa nauli na siku za foleni. Lakini hata kumbukumbu iliyohifadhiwa vizuri kiasi gani haiwezi kutoa jibu ambalo hakuna aliyeuliza.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, maana asipokuwa na nguvu ya kuomba, apewe. Kwa ugonjwa wa ubongo huulizwa, na asiyekumbuka hujibiwa na aliyemwona. Kwa hiyo ukimsindikiza kijana wako kutoka Konza, mchukue pia jirani aliyekuwapo alipoanguka. Daktari atauliza: ilianzaje? Macho yalikuwa wazi au yamefumba? Mkono upi ulitangulia kutikisika? Alichukua muda gani kurudiwa na fahamu? Jirani huyo, aliyeacha kibanda chake sokoni kwa siku moja na kupanda matatu pamoja nanyi, ameshika habari ambayo wale wanaume 100 wa mwaka 1934 hawakupata mtu wa kuwasemea.