Maji maangavu si hoja: Kuandaa kidimbwi cha chumvi kiangazi kinapoingia

MVUA inapopungua katika nyanda za Uasin Gishu na wanafunzi kurejea nyumbani kwa likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, wenye vidimbwi vya kuogelea huanza kuviandaa upya. Katika eneo la Cheptiret, kando ya barabara kuu ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret, kazi hiyo huangukia miezi ya Novemba na Desemba.

Barani Ulaya na Marekani Kaskazini, kidimbwi hufunikwa wakati wa baridi kali na kufunguliwa joto linaporejea. Cheptiret iko karibu na Ikweta na haina majira ya aina hiyo. Kinachovuruga maji hapa ni mvua.

Eneo hili hupata takriban milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, au zaidi. Kwa kidimbwi chenye ukubwa wa mita 35 za mraba, hizo ni lita 35,000 zinazoshuka kutoka angani. Baadhi hugeuka mvuke. Yanayobaki hufurika na kuondoka na chumvi na dawa zilizokuwamo.

Chumvi si dawa

Wengi hudhani kwamba kidimbwi cha chumvi hakitumii klorini. Hilo si kweli. Umeme hupitishwa katika maji ya chumvi ndani ya mtambo maalumu, na klorini huzalishwa papo hapo. Klorini hiyo ndiyo inayoua viini vya maradhi.

Maji hayo hayakaribii ukali wa bahari. Mitambo mingi huhitaji takriban miligramu 3,200 za chumvi kwa kila lita, ilhali maji ya bahari huwa na takriban 35,000.

Hatari ni kwamba maji yanaweza kuonekana maangavu hali hayana klorini ya kutosha. Macho hayatambui bakteria. Kwa hivyo, hatua ya kwanza baada ya kuondoa majani na matope, kusafisha chujio na kuwasha pampu ni kupima maji.

Mpangilio wa kazi

Vipimo hufuatana kwa utaratibu, kwani kila kimoja huathiri kinachofuata.

Alkali: Kiwango kinachofaa ni kati ya miligramu 80 na 120 kwa lita. Alkali huzuia kipimo cha pH kupanda na kushuka ovyo. Maji ya mvua huwa na alkali kidogo mno, nayo yanayovutwa kutoka visima virefu katika miamba ya volkeno mara nyingi huwa nayo kwa wingi. Ikipungua, huongezwa kwa magadi ya kuokea: gramu 850 hivi huinua kiwango kwa miligramu 10 katika kidimbwi cha lita 50,000.

pH: Kipimo hiki huonyesha iwapo maji yanaelemea upande wa asidi au wa alkali. Kinafaa kuwa kati ya 7.2 na 7.8. Katika pH ya 7.5, takriban nusu ya klorini huwa katika hali yenye nguvu ya kuua viini. Ikifika 8, hubaki robo au chini ya hapo. Mtambo wa chumvi wenyewe huelekea kupandisha pH, hivyo mwenye kidimbwi hulazimika kuishusha kwa asidi mara kwa mara.

Kalsiamu: Miligramu 200 hadi 400 kwa lita hutosha. Maji yasiyo na kalsiamu huitafuta katika saruji na kumomonyoa kuta. Ikizidi, ukoko mweupe hujengeka kwenye mabamba ya mtambo.

Kinga ya jua: Cheptiret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na miale ya jua ni mikali. Klorini isiyo na kinga huweza kutoweka kwa saa chache mchana. Asidi ya siyanuriki huihifadhi. Kilo moja na nusu huipa lita 50,000 kiwango cha miligramu 30. Mwongozo wa mtambo husema kiwango unachohitaji. Isizidishwe, kwani ikiwa nyingi hupunguza kasi ya klorini, na njia ya kawaida ya kuipunguza ni kumwaga sehemu ya maji.

Chumvi: Hii huwekwa mwisho, mtambo ukiwa umezimwa. Kidimbwi cha lita 50,000 kilichoshuka hadi miligramu 2,000 huhitaji kilo 60 ili kufikia 3,200. Chumvi safi isiyotiwa iodini ndiyo bora. Pampu iachwe izungushe maji kwa saa 24 kabla ya mtambo kuwashwa.

Baridi ya usiku nayo ni ya kuzingatiwa. Mitambo mingi hupunguza uzalishaji au hujizima maji yanapokuwa baridi, kwa kawaida yakikaribia nyuzi 15. Hali ikiwa hivyo, klorini ya maji hutiwa kwa mkono, hasa baada ya jua kutua.

Kabla ya mtu kuingia

Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani, CDC, hupendekeza angalau miligramu 1 ya klorini huru kwa lita, na angalau 2 pale asidi ya siyanuriki inapotumika. Mtoto anayeendesha asiruhusiwe kuogelea hata kama vipimo ni sawa, kwa kuwa kimelea cha kriptosporidiamu huweza kuhimili klorini ya kawaida kwa siku kadhaa.

Pia, tundu la kutolea maji chini ya kidimbwi lazima lionekane vizuri kutoka ukingoni. Maji yakiwa na ukungu, anayezama hataonekana kwa wakati. Ua na lango linalofungwa ni muhimu sawa na dawa.

Asidi hutiwa ndani ya maji. Maji hayamiminwi ndani ya asidi. Kamwe isichanganywe na klorini wala dawa ya kung'arisha nguo, wala zisiwekwe kwenye rafu moja, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu inayoweza kuua. Glavu na miwani ya kinga zivaliwe, na watoto wawe mbali.

Mwisho, maji ya kidimbwi hayafai kuelekezwa shambani wala kwenye kijito. Katika eneo linalotegemea mahindi, ngano na ng'ombe wa maziwa, chumvi inayorundikana udongoni hudhoofisha mimea, na klorini huua samaki.

Baada ya kufungua, pH na klorini zipimwe angalau mara mbili kwa wiki, na upya kila baada ya mvua kubwa. Kipimo cha dakika tano ndicho kinachotofautisha kidimbwi salama na kile kinachopendeza macho tu.