Kutoka kizimbani Delmas hadi cheti cha ndoa

Mwanaharakati Simon Nkoli alikamatwa Sebokeng, Afrika Kusini, mwaka 1984, kisha akafikishwa mahakamani Delmas kwa kesi ya uhaini, akiwa na viongozi wa UDF, muungano uliopinga ubaguzi wa rangi, kama Mosiuoa Lekota na Popo Molefe. Akiwa mahabusu aliwaeleza wenzake kwamba yeye hupenda wanaume. Baadhi walitaka ashtakiwe peke yake asije akawaharibia kesi. Walibishana, na mwishowe wakabaki pamoja. Miaka kadhaa baadaye Lekota alieleza kuwa haikuwezekana tena kuwabagua watu kama Simon, waliopigania nchi bega kwa bega nao.

Naanza na kesi hiyo kwa sababu wengi huamini ndoa ya jinsia moja ililetwa Afrika Kusini na wageni. Si kweli. Mizizi yake imo ndani ya ukombozi wenyewe. Nkoli aliachiwa huru mwaka 1988, akaongoza maandamano ya Johannesburg ya Oktoba 1990, na Katiba ya mpito iliyoanza kutumika 1994 ikawa ya kwanza duniani kukataza ubaguzi kwa msingi wa mwelekeo wa kimapenzi. Alifariki Novemba 30, 1998, kwa UKIMWI.

Katiba ilipokuwa imara, Marié Fourie na Cecelia Bonthuys, wanawake walioishi pamoja tangu 1994, walidai wafungishwe ndoa kama wengine. Desemba 1, 2005, Mahakama ya Katiba iliwapa ushindi. Hukumu iliandikwa na Jaji Albie Sachs, aliyepoteza mkono kwa bomu la makaburu mjini Maputo. Bunge lilipewa miezi 12 kurekebisha sheria. Jaji Kate O'Regan peke yake alitaka haki hiyo ianze mara moja, na naona alikuwa sahihi: haki iliyokwisha kuthibitishwa haina sababu ya kusubirishwa.

Wabunge waliipigia kura sheria mpya ya ndoa hizo Novemba 14, 2006: 230 waliunga mkono, 41 walipinga. Sheria ilianza kutumika Novemba 30, tarehe ile ile aliyofariki Nkoli. Afrika Kusini ikawa ya tano duniani, baada ya Uholanzi, Ubelgiji, Hispania na Kanada.

Hata hivyo, kifungu cha 6 cha sheria hiyo kiliwaruhusu maofisa wa serikali kukataa kufungisha ndoa hizo kwa sababu za dhamiri, na wapenzi wengi wakarudishwa mlangoni. Kifungu hicho kilifutwa mwaka 2020. Hadi leo hakuna nchi nyingine ya Afrika inayofungisha ndoa hizo.