Kiasi cha Bunduki

Fungua kamusi ya zamani ya Kiswahili utafute neno "kiasi". Utakuta maana unazozijua: kipimo, kadiri, wastani. Ukiendelea kusoma utakuta na hii: kiasi cha bunduki, yaani baruti na risasi za kutosha mlio mmoja. Watu wa Pwani waliipa risasi jina la kipimo, na walikuwa na sababu.

Gobori lilishindiliwa kupitia mdomoni. Unamimina baruti, unaisukuma kwa mdeki, unatia risasi, ndipo unaweka fataki. Kila mwindaji alikuwa kiwanda chake mwenyewe. Baruti ikipungua, risasi inaanguka njiani. Ikizidi, bunduki inakugeukia wewe.

Frederick Selous aliyajua hayo vizuri. Alifika Afrika Kusini 1871, kijana wa miaka 19, akaanza kuwinda ndovu kwa bunduki za bei rahisi zilizotengenezwa kwa kuwindia bata. Baruti aliibeba kwenye mfuko wa ngozi na kuipima kwa konzi ya mkono. Risasi moja ilikuwa na uzito wa kama gramu 113. Siku moja bunduki yake ilishindiliwa mara mbili bila yeye kujua. Alipofyatua, ilimtupa chini na kumjeruhi shavuni. Huyo ndiye Selous aliyeuawa vitani karibu na Rufiji mwaka 1917, na mbuga kubwa ya Tanzania ikaitwa jina lake.

Kufikia hapo, lakini, konzi ya mkono ilikuwa imepitwa na wakati. Ganda la shaba lilikuja kuunganisha kiwashio, baruti na kichwa cha risasi kuwa kitu kimoja. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille akaunda baruti isiyotoa moshi mwingi, na miaka michache baadaye Waingereza wakawa na yao, kordaiti. Na kwa sababu ganda la shaba halifi kwa mlio mmoja, wawindaji wengine wakaanza kuyaokota na kuyajaza tena wenyewe nyumbani. Hadi leo kuna wanaofanya hivyo, wakipima baruti kwa mizani inayosoma sehemu ya kumi ya greni moja, uzito usiofika hata gramu 0.01. Si ubahili tu. Baruti ikilingana kila mara, mwendo wa risasi unalingana, na risasi inatua pale pale.

Hata joto letu liliingia kwenye hesabu. Kordaiti ikipigwa na jua kali huongeza shinikizo, na ganda linaweza kukwama ndani ya bunduki katikati ya hatari. Ndiyo maana risasi ya .416 ya kampuni ya Rigby, iliyotoka 1911, ilipewa ganda kubwa: baruti ipate nafasi ya kupumua.

Sasa mtazame W. D. M. Bell, Mskoti aliyekuwa akiondokea Mumias kwenda Karamoja. Aliwaua ndovu zaidi ya 1,000, wengi kwa bunduki ndogo yenye risasi ya kama gramu 11 tu. Hiyo ni sehemu ya kumi ya ile ya Selous! Alipasua mafuvu ya ndovu ajue ubongo umekaa wapi, halafu akaitegemea risasi iende hapo hapo. Ulengaji alikuwa nao, hilo hakuna anayebisha. Ila alikuwa pia na kiasi kilichopimwa kiwandani, mlio baada ya mlio.

Na je, jamaa wa Karamoja au Ukambani? Hapa ndipo hadithi inaponikera. Mwaka 1890 mataifa yalitia saini Mkataba wa Brussels, uliojinadi kuwa wa kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake mlikuwa na vifungu kuhusu silaha katika sehemu kubwa ya Afrika. Bunduki za kisasa na risasi zake zilizuiwa, isipokuwa kwa wenye vibali na dhamana. Biashara iliyoweza kuruhusiwa ilikuwa ya magobori ya kiberiti cha jiwe na baruti ya kawaida. Kwa lugha rahisi: Mwafrika abaki na konzi, mgeni apate mizani.

Kisha sheria za wanyamapori za mkoloni zikafuata. Mwenye leseni na risasi sahihi akaitwa mwanaspoti. Mwenye gobori au mshale wa sumu, anayelazimika kunyatia hadi karibu na mara nyingine kumwacha mnyama na jeraha, akaitwa jangili, tena mkatili. Lakini ukatili huo mwingine ulitokana na kunyimwa kipimo.

Mei 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani, na mimi siulilii. Ndovu wamelipa vya kutosha. Ninachotaka ni kwamba tukisoma vitabu vya hao mashujaa wa shabaha, tuulize pia nani alikatazwa kupima. Neno lenyewe limehama. Leo tukisema kiasi tunawaza sukari kwenye chai, na kamusi ndiyo inayokumbuka baruti.